Kijumba na Jina: Sanamu Ndogo za Nyumba na Kumbukumbu ya Makazi ya Kale ya Upare

1. Utangulizi



Nilipoombwa kutoa mhadhara huu nilikusudia kuupa jina la "Nyumba Ndogo za Upare." Mwenzangu mmoja idarani alinishauri niache, kwani ukumbi ungejaa watu waliokuja kusikia habari nyingine kabisa. Nimefuata ushauri wake. Hata hivyo, kicheko chenu ni ushahidi wa kwanza wa hoja yangu. Katika Kiswahili, neno nyumba halikuishia kwenye kuta na paa. Tunalo unyumba kwa maana ya maisha ya mume na mke, tunayo kinyumba kwa maana ya kuishi pamoja bila ndoa, na watu wa pwani hutumia neno mlango kwa maana ya tawi la ukoo. Nyumba ni jengo, lakini pia ni mpango wa jamaa. Jengo linapobomolewa, mpango huo hupoteza kielelezo chake, na maneno yaliyoutaja hubaki yakielea.

Katika mhadhara huu nitazungumzia sanaa moja isiyopewa hadhi ya sanaa, yaani utengenezaji wa vijumba: nyumba ndogo za udongo, mabua ya mahindi, maganda ya mgomba au shina la ua la mkonge, ambalo likikauka huwa jepesi na hukatika kwa kisu kidogo. Nitatumia mfano wa Milima ya Upare, hususan upande wa Kusini katika Wilaya ya Same. Hoja yangu ni kwamba kijumba ni hati ya kihistoria, na kwamba mwanaisimu anayetafuta msamiati wa makazi ya kale anaweza kupata kwake mambo ambayo hawezi kuyapata katika hojaji.

2. Nyumba iliyoondoka

Nyumba ya kale ya milimani Upare ilikuwa ya msonge: ya mviringo, yenye paa la nyasi lililochongoka juu. Jiko lilikuwa ndani na mifugo ilipata hifadhi humo humo. Neno msonge lenyewe yaelekea lina uhusiano na kitenzi songa, chenye maana za kubana na kusuka. Nyumba hiyo haikufyatuliwa wala kuashiwa. Ilisukwa.

Nyumba hiyo haikuondolewa na tukio moja. Katika mwaka 1890 Oscar Baumann alipita katika milima hii, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu chake juu ya Usambara na nchi jirani. Baada yake ulikuja utawala wa Kijerumani pamoja na kodi ya kibanda, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1890. Kodi hiyo iliifanya nyumba kuwa kitu cha kuhesabiwa kabla ya kuwa kitu cha kuelezwa. Waadventista walianza kazi yao Upare Kusini mwaka 1903, na Walutheri wa Misheni ya Leipzig walikuwa na kituo chao Mbaga. Misheni zilijenga makanisa, shule na nyumba za pembe nne. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 ikipita chini ya milima, na Same ikawa mahali pa stesheni, duka na baadaye boma. Kilimo cha kahawa kiliwapa baadhi ya watu fedha za kununulia mabati na misumari.

Enzi ya Waingereza nayo iliendelea kuhesabu. Wanafunzi wa historia wanafahamu habari za Mbiru, upinzani wa Wapare dhidi ya kodi iliyopangwa kulingana na makadirio ya mali ya kila mtu. Mwezi Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani na kukaa Same kudai kodi hiyo ifutwe. Marehemu Profesa Isaria Kimambo ametuachia maandishi ya thamani juu ya jambo hilo. Kwa mada yetu, la kukumbuka ni hili: serikali ilihesabu vibanda, kisha ikahesabu vichwa, kisha ikakadiria mali. Katika hesabu zote hizo hakuna aliyeuliza nguzo ya katikati inaitwaje.

Baada ya Uhuru ulikuja wito wa nyumba bora. Tangazo la mwaka 1973 kwamba wananchi wote wawe wamehamia vijijini ifikapo mwisho wa mwaka 1976 halikuitikisa milima kama lilivyoitikisa nchi ya tambarare, kwa kuwa watu wa milimani tayari walikuwa wakiishi kwa kubanana. Lakini wazo kwamba nyumba ya nyasi ni alama ya umaskini lilipanda mlimani bila lori. Katika miongo iliyofuata, watoto walio Dar es Salaam, Arusha na Moshi walituma fedha ili wazazi wao wajengewe nyumba ya matofali. Kumjengea mama nyumba ikawa ndiyo heshima kuu ya mwana.

Nisieleweke vibaya. Siwalilii watu warudi kwenye moshi. Nyumba ya msonge iliumiza macho, ilishika moto kwa urahisi, na kila baada ya miaka michache iliwadai wanawake mizigo ya nyasi vichwani. Aliyeibomoa alikuwa na haki yake. Ninachosikitikia ni kwamba aliibomoa bila kuandika jina la kitu chochote kilichokuwamo.

3. Walichokusanya wengine na walichokiacha

Mtu anaweza kudhani kwamba wamisionari, ambao waliandika sana, walituhifadhia habari hizo. Kwa upande wa lugha tunawiwa shukrani. Ernst Kotz, Mwadventista, alichapisha sarufi ya Chasu mwaka 1909, na Agano Jipya la Chasu lilitoka mwaka 1922. Lakini tazameni majina ya vitabu vyao vya mila. Kitabu cha Jakob Dannholz wa Mbaga, kilichotoka mwaka 1916, kinazungumzia katika jina lake watu waliofungwa na imani ya mizimu. Kile cha Kotz cha mwaka 1922 kinazungumzia watu waliofungwa na hofu. Jicho linaloongozwa na mizimu na hofu litaona tambiko, kafara na uganga. Halitakaa kitako kumtazama mtoto anayejenga kijumba kando ya mfereji.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa wakusanyaji wa sanaa. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni, alikusanya sanamu ndogo za udongo zilizotumika katika mafunzo ya jando na unyago, na mwaka 1956 akachapisha kitabu juu yake. Kazi yake ni muhimu, kwani alitambua kwamba sanamu ndogo ni chombo cha kufundishia: mwari huonyeshwa kitu, hutajiwa jina lake, na hupewa fundisho. Sanamu za Kipare zenye umbo la mtu, hasa zile za waganga, nazo zimepata nafasi katika makumbusho ya Ulaya. Katika mwaka 1994 sanaa ya uchongaji ya Tanzania ilipewa maonyesho makubwa Ujerumani, na ulimwengu ukastaajabu kwamba nchi hii ina zaidi ya vinyago vya Kimakonde.

Kijumba hakikuwa na bahati hiyo. Hakikuwa cha mganga, hakikufichwa msituni, na hakikudumu. Mtoto alikijenga asubuhi na mvua ilikibomoa jioni. Aidha, sarufi yenyewe imekidhulumu. Kiambishi ki- cha udogo katika Kiswahili hubeba mapenzi, lakini hubeba dharau pia: kijumba, kijitabu, kijitu. Tunachokitaja kwa udogo hatuoni haja ya kukihifadhi. Leo ukisema kijumba, wengi watafikiria kijumba cha kiberiti.

4. Udogo unaodumu

Kwingineko duniani udogo umewahi kuwa ndio wokovu wa nyumba. Misri ya kale ilijenga makao ya watu kwa matofali ya udongo, nayo mengi yamerudi kuwa udongo. Lakini katika mwaka 1907 Flinders Petrie alifukua huko Rifeh vijumba vya udongo vilivyochomwa, vilivyowekwa makaburini kwa ajili ya wafu. Katika mwaka 1920 Herbert Winlock alikuta katika kaburi la ofisa aitwaye Meketre, huko Thebes, seti ya vielelezo vya mbao: ghala la nafaka, machinjio, mahali pa kuokea mikate, na nyumba yenye bustani na miti. Vina umri wa takriban miaka 4,000. Kutokana na vitu hivyo vinavyobebeka kwa mikono miwili, wataalamu wamejifunza jinsi nafaka ilivyoingizwa ghalani na nani alisimama wapi.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki mfano ulio karibu ni vibanda vya mizimu. Katika Unyamwezi na Usukuma watu walijenga karibu na nyumba zao vibanda vidogo vya mviringo kwa ajili ya wazee waliokufa. Nyumba za walio hai ziliweza kubadilika zikawa za pembe nne, na kile kibanda kikabaki cha duara. Mwanaisimu analijua jambo hili vizuri. Ni kama umbo la kale la neno linalodumu katika methali au katika jina la mahali, ilhali katika mazungumzo ya kila siku limekwisha kubadilika. Kitu kilichotengwa na matumizi ya kawaida huchelewa kubadilika.

Suluhisho jingine ni lile la Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960, ambako nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake halisi. Ni hazina ya taifa. Hata hivyo nyumba ya nyasi ikisimama bila moto wa jikoni huliwa na wadudu na huoza upesi, kwa maana moshi ule ule uliowaumiza watu macho ndio ulioihifadhi paa. Nyumba ya makumbusho hudai kuezekwa upya mara kwa mara, na kuezeka hudai fundi na fedha. Isitoshe, nyumba moja hulazimishwa kusimama kwa niaba ya kabila zima. Kijumba hakina gharama hiyo, na kila kijiji kinaweza kuwa na chake.

5. Kijumba kama hojaji

Mniruhusu nieleze namna nilivyofikia mawazo haya. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kijiji kimoja cha Mbaga nikikusanya msamiati wa ujenzi. Nilikuwa na orodha niliyoiandaa kutokana na kamusi za Kiswahili. Kwa mchana mzima nilimuuliza mzee mmoja: hiki kwenu mwakiitaje, na hiki je? Alijibu machache, kisha akanyamaza. Mwishowe akaniambia, "Mwanangu, jina litoke wapi na nyumba yenyewe haipo?"

Alimtuma mjukuu wake alete mabua ya mahindi na kamba za mgomba. Akachora duara mchangani, akaanza kujenga. Mikono yake ilipofika mahali, jina lilikuja lenyewe, na pamoja nalo kitenzi chake. Hapo ndipo nilipotambua kosa la orodha yangu. Nilikuwa nauliza nomino tupu, na nyumba ya kusukwa imehifadhiwa zaidi katika vitenzi: kusimika, kupinda, kufunga, kusuka, kukandika, kuezeka. Mpangilio wa kazi ndio uliokuwa mpangilio wa msamiati. Kwa saa mbili nilipata zaidi ya nilivyopata kwa mchana ule mzima.

Alipoanza kugawanya sehemu ya ndani, mkewe, aliyekuwa akichambua maharage pembeni, alimkatiza. "Baba nanihii, huko ndani unakujulia wapi? Mafiga hayakai hapo." Akaacha ungo wake, akayang'oa mafiga ya mumewe, na kuyapanga upya. Kisha akaonyesha mahali pa mbuzi, mahali pa kuni, mahali pa mtungi, na pale ambapo mzazi hulala baada ya kujifungua. Kila mahali palikuwa na jina, na mzee alikiri kwamba mengine hakuwa ameyasikia kwa miaka mingi. Msamiati wa fremu na paa ulikuwa wa mwanamume, na msamiati wa ndani ulikuwa wa mwanamke. Mtafiti anayemhoji mzee wa ukoo peke yake, kama tulivyozoea kufanya, anarudi chuoni na nyumba iliyo tupu ndani. Wahenga walisema nyumba njema si mlango.

Niliahidi kurudi asubuhi na kamera. Niliporudi, mbuzi walikuwa wamekila kijumba chote. Mzee alicheka sana. Lakini maneno yalikuwa katika daftari langu, yakiwa katika utaratibu wake.

6. Kamusi inavyoona nyumba

Kwa nini orodha yangu ilishindwa? Kwa sababu msamiati wa ujenzi katika kamusi zetu, kuanzia ile ya Krapf ya mwaka 1882 hadi Johnson mwaka 1939 na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, umeegemea nyumba ya pwani. Ni msamiati tajiri. Paa la pwani lina kipaa cha mbele na kipaa cha nyuma, lina visusi vya pembeni, lina kombamoyo na fito, na lina ule mti unaoitwa kwa utani mtambaapanya. Lakini jaribuni kuutumia kuielezea nyumba ya msonge. Paa la mviringo halina mbele wala nyuma. Kisusi kitoke wapi? Mfasiri anayelazimisha maneno hayo anaichonga nyumba ya mlimani hadi iwe na pembe nne, hata kabla fundi hajafika na matofali.

Maneno ya pwani yenyewe yana historia ya kusafiri na kubadilika. Sakafu limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya paa au dari. Katika nyumba ya mawe ya ghorofa, dari ya chini ndiyo sakafu ya juu, na Waswahili wakalichukua neno kwa upande wa miguuni. Dirisha limetokana na neno la Kiajemi lenye maana ya mlango mdogo, kwa hiyo hata dirisha lilianza maisha yake kama kijilango. Maneno haya mawili ni ushahidi wa majengo: asiyejua nyumba ya ghorofa hataelewa namna paa lilivyogeuka kuwa sakafu. Vivyo hivyo, asiyekuwa na kielelezo cha msonge hataelewa maneno ya Chasu yanayoitaja, hata akiyakariri.

Kiswahili Sanifu kimekwisha kuonyesha kwamba kinaweza kupokea kutoka milimani. Neno kitivo, tunalolitumia chuoni kila siku, huelezwa kuwa limetoka katika Kisambaa na Chasu, ambako linahusu ardhi yenye rutuba. Kizanaki kimetupa ng'atuka, na Kihaya kimetupa ngeli. Kama lugha ya mlimani imeweza kutupa jina la sehemu ya chuo kikuu, haishindwi kutupa majina ya sehemu za nyumba yake. Linalohitajika ni kuyapata kabla wenyeji wake hawajaondoka.

7. Mipaka ya kijumba

Hata hivyo, kijumba si shahidi mkamilifu. Kwanza, hakina moshi, harufu ya mbuzi wala giza, na mtazamaji anaweza kukipenda kwa sababu halali ndani yake. Pili, aliyekijenga amechagua. Hutengeneza nyumba ya utoto wake, wala si ya jirani, na pengine huifanya nadhifu kuliko ilivyokuwa. Tatu, vipimo vyake ni vya kumbukumbu: mafiga huwa makubwa kuliko kitanda, kwa kuwa ndivyo mtoto aliyekaa kando ya moto alivyoyaona. Kwa mwanahistoria hizo ni kasoro za kusahihishwa. Kwa mwanaisimu nazo ni data, kwa sababu zinaonyesha ni kitu gani mjenzi alikipa uzito.

8. Hitimisho

Katika mhadhara huu nimejaribu kuonyesha kwamba nyumba ya kale ya Upare ilihesabiwa mara nyingi na ilielezwa mara chache. Nimeonyesha pia kwamba wakusanyaji walichukua kilichowatisha na kuacha kilichowachekesha, na kwamba kijumba kinaweza kuyafungua maneno ambayo hojaji huyafunga. Kutokana na hayo ninatoa mapendekezo matatu.

La kwanza ni kwa wanafunzi. Mnapokwenda likizo mkakuta mzee anabomolewa nyumba ili ajengewe mpya, msizuie ujenzi. Ombeni siku moja. Bibi na babu wajenge kijumba pamoja, nanyi mrekodi kila jina na kila kitenzi, na mabishano yao pia myarekodi. La pili ni kwa walimu wa shule. Ufinyanzi wa darasani usiishie kwenye chungu na ng'ombe. Mtoto afinyange nyumba ya nyanya yake na aitaje sehemu kwa sehemu. La tatu ni kwa sisi watunga kamusi. Toleo lolote lijalo litafute kwa makusudi msamiati wa makazi kutoka bara, na picha ya msonge ikiwekwa ipewe majina ndani na nje.

Yule mzee wa Mbaga amekwisha kututoka. Mkewe sasa anaishi katika nyumba nzuri ya matofali na mabati waliyojengewa na wanao, na anaipenda. Nilipomtembelea mara ya mwisho nilimsomea kutoka daftarini majina ya sehemu za ndani kama alivyonitajia mwenyewe. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema nimesahau moja. Nimeliongeza.